Ritifaa Katika Majina Yetu: Tarakilishi na Swali la Neno

1.0 Utangulizi

Sisi wahakiki wa fasihi tumezoea kuuliza neno lina maana gani. Ni nadra tuulize neno linaanzia wapi na kuishia wapi, kwani twadhani swali hilo lilikwisha kujibiwa na wanaisimu, na baada yao na wapiga chapa. Katika insha hii ninakusudia kulirejelea swali hilo kwa njia ya mfano mdogo ambao msomaji wa Nakuru, Njoro au Molo hukutana nao karibu kila juma.

Mtu aitwaye Ng'ang'a anapoandikiwa barua na tarakilishi, si ajabu barua hiyo ikamwita Ng'Ang'A. Murang'a huwa Murang'A. Lang'at huwa Lang'At. Ndung'u huwa Ndung'U. Hata marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetutoka tarehe 28 Mei 2025, hawezi kuepuka kuitwa Thiong'O pale orodha inapopitishwa katika programu isiyomjua. Jina lake, kwa kweli, ni somo kamili la fonolojia. Ngũgĩ huanza kwa ng ya kawaida, yenye king'ong'o kinachofuatwa na g. Thiong'o lina ng', ambayo ni king'ong'o kitupu. Ritifaa ndiyo inayozitenga sauti hizo mbili, na hiyo ndiyo mashine huiona kuwa ukuta wa kukatia neno.

Sizungumzi kama mpita njia. Jina langu la ukoo lina ritifaa mbili, na kwa miaka mingi nimefundisha fasihi ya Kiswahili katika Bonde la Ufa, mahali ambapo orodha ya darasa moja hukusanya majina ya nusu ya Kenya. Nitaeleza kwanza kazi za ritifaa katika maandishi yetu, kisha jinsi mashine inavyolielewa neno, na mwisho nitajadili hasara inayompata mwenye jina.

2.0 Kazi nne za alama moja

Herufi kubwa ni mgeni katika Kiswahili. Kwa karne nyingi washairi wa pwani waliandika tenzi zao kwa hati ya Kiarabu, ambayo haina herufi kubwa wala ndogo. Jina la mtu na jina la samaki yalianza kwa namna moja, na msomaji alitambua tofauti kwa kuelewa maneno. Herufi kubwa ilikuja pamoja na hati ya Kilatini katika karne ya 19, mikononi mwa wamisionari kama Krapf na Steere, na baadaye ikaimarishwa na shule na ofisi za serikali. Mgeni huyu alikuta sauti ambazo hati yake haikuwa na herufi za kuzitosha. Ritifaa ikaitwa kusaidia, na kadiri miaka ilivyopita ikatwishwa kazi zisizopungua nne.

Kazi ya kwanza, na iliyo kubwa kuliko zote, ni kuunda ng'. Hapa ritifaa ni sehemu ya herufi, sawa na h katika sh. Ukiiondoa umeandika neno jingine: ng'oa ni kukitoa kitu kilichojikita, ilhali ngoa ni wivu au shauku ya moyo. Lugha imeitumia sauti hii katika baadhi ya maneno yake yenye uhai mkubwa: kung'ara, kung'ata, kung'amua, kunung'unika, kuning'inia. Hata jina la kundi lenyewe la sauti, ving'ong'o, linaibeba alama hiyo mara mbili. Na Kenya ilipohamia matangazo ya dijitali ya televisheni mwaka 2015, chombo kilichowekwa sebuleni kiliitwa king'amuzi. Chombo cha kung'amua mawimbi kinaitwa kwa neno ambalo programu nyingi hazijaling'amua.

Kazi ya pili ni ya washairi. Mshairi anayebanwa na mizani huiangusha silabi na kuacha ritifaa mahali pake: 'mekuja badala ya amekuja, n'ende badala ya niende. Ritifaa hii ni kumbukumbu ya sauti iliyokuwapo. Kazi ya tatu ni ya wanaisimu, ambao huitumia kuonyesha mpumuo: p'aa ni mnyama wa mwituni, paa ni la nyumba. Kazi ya nne ni ya maneno yenye asili ya Kiarabu, ambamo baadhi ya waandishi huonyesha ain au hamza, kama katika Qur'ani na Jum'a.

Kila kazi ina hukumu yake mbele ya herufi kubwa. Katika Ng'ang'a, herufi kubwa ni ile ya kwanza tu. Katika Qur'ani, vivyo hivyo. Lakini mshairi akiuanza mshororo kwa 'mekuja, na mhariri akitaka kila mshororo uanze kwa herufi kubwa, je, M iwe kubwa, au herufi kubwa imekwenda pamoja na A iliyoangushwa? Nimeona wahariri wawili wenye elimu wakijibu swali hilo kwa namna mbili. Si haki kuitarajia mashine ijibu bila kuambiwa.

3.0 Neno kwa mujibu wa mashine

Tatizo la Ng'Ang'A halitokani na uadui wala uzembe wa siku moja. Linatokana na fasili. Programu inayoagizwa kuanzisha kila neno kwa herufi kubwa lazima kwanza ijue neno ni nini, na fasili iliyo rahisi kuliko zote ni hii: neno ni mfululizo wa herufi, na chochote kisicho herufi ni mpaka. Kwa fasili hiyo, Ng'ang'a ni maneno matatu, Ng na ang na a, na kila moja linastahili herufi yake kubwa.

Fasili hiyo imo katika vyombo vinavyotumika duniani kote. Amri ya PROPER katika Excel hukuza kila herufi inayofuata alama isiyo herufi. Amri ya INITCAP katika Oracle na PostgreSQL hufuata mantiki hiyo hiyo. Lugha ya Python ina amri iitwayo title yenye tabia hiyo, na maelezo rasmi ya lugha hiyo yenyewe yanamwonya mtumiaji kwamba ritifaa itamtatiza. Jambo la kushangaza ni kwamba fasili hii inawaharibia hata Waingereza, kwani neno lao don't hugeuka Don'T. Lakini Mwingereza huliona kosa hilo mara moja na kulisahihisha. Ng'Ang'A likitokea kwenye kioo cha mtu asiyewahi kulisikia jina hilo, yeye hudhani ndivyo linavyoandikwa.

Kuna fasili iliyo bora. Kiwango cha kimataifa cha Unikodi, katika kanuni zake za kugawa maneno, hakilikati neno penye ritifaa iliyo kati ya herufi mbili. Kwa kanuni hiyo Ng'ang'a ni neno moja, na linatoka salama. Msomaji asifurahi mapema, hata hivyo. Kanuni hiyo hiyo humgeuza O'Neill wa Ireland kuwa O'neill. Faida ya mmoja imekuwa hasara ya mwingine, na ndipo tunapoona kwamba swali haliwezi kujibiwa kwa kuitazama alama peke yake.

Yafaa kukumbuka pia kwamba historia ingaliweza kwenda njia nyingine. Alfabeti ya Afrika iliyopendekezwa na taasisi ya lugha za Kiafrika mjini London miaka ya 1920 ilikuwa na herufi ŋ kwa ajili ya sauti hii. Luganda, katika tahajia yake ya mwaka 1947, iliikubali. Kiswahili, Kikuyu na Kijaluo vilibaki na ng', na sababu moja iliyo wazi ni kwamba taipureta ya kawaida ilikuwa na ritifaa lakini haikuwa na ŋ. Leo ŋ ina umbo lake kubwa, Ŋ, katika kila tarakilishi, na ingalitoka bila jeraha. Tulichagua kilichokuwa rahisi kwa mashine ya enzi ile, nacho kimekuwa kigumu kwa mashine ya enzi hii.

4.0 Orodha moja ya Nakuru

Mtu anaweza kusema: basi tuandike sheria ya Kenya. Ritifaa ikitanguliwa na ng, isilikate neno. Sheria hii ni nzuri, nami naiunga mkono. Itawaokoa Ng'ang'a, Ndung'u na Kang'ethe, itawaokoa Lang'at na Ng'eno, itamwokoa Thiong'o, na miji na wilaya kama Murang'a na Lang'ata itapumua. Lakini orodha ya Nakuru haiishii hapo.

Nakuru ulikuwa mji wa reli na wa soko la nafaka, nao umewavuta watu wa kila upande tangu mwanzo wa karne ya 20 hadi ulipopandishwa hadhi kuwa jiji mwezi Desemba 2021. Katika ukurasa mmoja wa orodha, chini ya Lang'at, utamkuta Mmeru aitwaye M'Inoti au M'Imanyara, ambaye ritifaa yake hufuatwa na herufi kubwa kwa desturi ya kwao. Juu yake yupo D'Souza, mwenye asili ya Goa, ambaye naye hudai herufi kubwa. Kwa hawa, programu ya kijinga iliyomharibu Ng'ang'a ndiyo iliyo sahihi, na programu ya kisasa iliyomwokoa Ng'ang'a ndiyo iletayo M'inoti na D'souza.

Basi tuongeze sheria ya pili: ritifaa ikitanguliwa na herufi moja pekee mwanzoni mwa jina, inayofuata iwe kubwa. M'Inoti na D'Souza wamepona, pamoja na O'Neill. Pamoja nao wamepona wageni wa Afrika Magharibi na ya Kati, kama N'Djamena na N'Golo. Hebu tutazame jina hili la mwisho: n, ritifaa, g. Ukibadilisha nafasi za alama mbili tu, N'Go huwa Ng'o, na hukumu ya herufi kubwa hupinduka. Sheria zetu mbili huishi kwa kuangalia ritifaa imekaa kabla ya g au baada yake.

Sasa chukua sheria hizo mbili, ambazo zimetosha kwa rejista ya wanafunzi, uzitumie katika yaliyomo ya diwani ya mashairi. Shairi lenye kichwa N'ende Wapi litatoka likiwa N'Ende Wapi. P'aa wa mwanaisimu atakuwa P'Aa. Sheria iliyo sahihi kwa majina ya watu imeyaharibu maneno ya mshairi, kwa sababu mashine haijui kwamba hapa limetajwa jina na pale limetamkwa neno lililokatwa silabi. Tofauti hiyo haimo katika alama; imo katika ujuzi wa msomaji. Mhakiki hawezi kustaajabu kuligundua jambo hili, kwani ndilo analowafundisha wanafunzi wake kila muhula.

Ujuzi huo zamani ulikuwa vidoleni mwa wapiga chapa. Mpiga chapa wa Nakuru aliyekaa kibarazani na taipureta yake aliibonyeza herufi kubwa mwenyewe, jina kwa jina, naye alijua kwamba Ng'ang'a hana herufi kubwa ya pili kwa kuwa alisoma na kina Ng'ang'a shuleni. Hakuwa na sheria ya jumla. Alikuwa na majirani.

5.0 Ritifaa inapopotea

Wengi wameamua kuukwepa usumbufu kwa kuiondoa alama. Kuna hata vyombo vinavyoiondoa kwa kanuni. Katika mistari ya chini ya pasipoti inayosomwa na mashine, kanuni za kimataifa huagiza ritifaa iachwe bila chochote mahali pake, hivyo NG'ANG'A husomeka NGANGA. Anwani za tovuti haziikubali. Katika lugha ya SQL, inayotumika kuhoji hifadhi za data, ritifaa moja ndiyo alama ya kufungua na kufunga maandishi. Jina Ng'ang'a likiingizwa bila tahadhari, mashine hudhani maandishi yameishia kwenye Ng, na yaliyobaki huyachukua kuwa amri. Dawa yake inajulikana kwa waandishi wa programu, lakini wapo wanaoona ni rahisi zaidi kumwambia mwenye jina kwamba ameandika herufi zisizokubalika.

Katika Kikalenjin upotevu huu hauumizi sana matamshi, kwani ng ya lugha hiyo kwa kawaida ni king'ong'o hata bila alama. Ndiyo maana twaona Lang'at na Langat, Ng'etich na Ngetich, katika familia moja. Kwa Mkikuyu ni jambo jingine. Nganga bila ritifaa hutamkwa vingine kabisa, na kule Kongo neno hilo ni jina la mganga.

Herufi kubwa tupu nazo ni njia ya kukwepa, na vitambulisho vyetu huzitumia. NG'ANG'A hawezi kukosewa kwa sababu kila herufi ni kubwa. Ila maandishi ya namna hiyo hufuta habari. Anayepokea orodha ya M'INOTI na LANG'AT katika herufi kubwa tupu, kisha akatakiwa kuchapisha vyeti kwa herufi za kawaida, hana tena ushahidi wa jinsi wenye majina walivyojiandika. Analazimika kukisia, au kuiachia programu ikisie.

Hasara si ya macho tu. Namkumbuka mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza ambaye cheti chake cha shule kilikuwa na ritifaa, kitambulisho chake kilikuwa nayo, na fomu ya mfuko uliokuwa ugharimie masomo yake ilikuwa imeikataa. Kwa mujibu wa tarakilishi ya mfuko huo, aliyeomba fedha na aliyefaulu mtihani walikuwa watu wawili. Aliambiwa alete hati ya kiapo. Alisafiri kutoka Njoro hadi mjini, akamlipa wakili, akaapa kwamba yeye ni yeye. Muhula ulikuwa umekwisha kuanza, naye alikuwa akilala chini katika chumba cha rafiki. Kwa sababu ya alama ambayo katika msimbo wa ASCII ni nambari 39 kati ya 128, kijana alitakiwa kuthibitisha kuwapo kwake.

Wazee hulichukulia jambo hili kwa utani. Marehemu baba yangu, aliyekuwa akilima Bahati, aliwahi kupokea barua kutoka shirika moja lililomwita kwa herufi kubwa tatu. Aliisoma akiifuatisha kwa kidole, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hawa wameniandikia mimi peke yangu, au tuko watu watatu?" Jirani yake, Mkipsigis wa rika lake, alikuwa amekaa naye. "Mzee mwenzangu," akasema, "wewe wamekupa nyongeza. Mimi wamenikata katikati kama muwa."

6.0 Jina na mahali

Mazungumzo ya wazee hao wawili yana uzito wake kwa anayelijua eneo letu. Katika Bonde la Ufa ya kati jina la ukoo limewahi kuwa jambo la uhai na mauti. Katika machafuko ya Molo mwaka 1992, ya Njoro mwanzoni mwa mwaka 1998, na yale ya Nakuru na Naivasha mwezi Januari 2008, kulikuwa na watu waliotakiwa kutaja majina yao au kutoa vitambulisho, na jibu likaamua kama watapita. Tangu hapo wapo waliowapa watoto wao majina ya dini pekee shuleni, na wapo walioona afadhali jina lao liandikwe vibaya kuliko lieleweke haraka.

Kwa hiyo sisemi kwamba kila mtu anadai jina lake liandikwe kikamilifu kwa furaha ile ile. Ninachosema ni kwamba uamuzi huo ni wa mwenye jina. Na kuna jambo jingine linaloonekana ukiyapanga majina hayo pamoja. Ng'ang'a na Lang'at, waliohesabiwa kuwa pande mbili, wanaitwa kwa sauti ile ile, na hati yetu imewapa alama ile ile. Mjaluo anayo, na Mmaasai anayo. Programu inapoikata, huwakata wote pamoja bila kuuliza kabila. Wazee wa Bahati walilifahamu hilo kabla yangu, wakacheka.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba ritifaa ina kazi nne katika maandishi yetu, kwamba fasili ya neno iliyomo katika programu nyingi haizijui kazi hizo, na kwamba hakuna sheria moja iwezayo kuwaridhisha Ng'ang'a, M'Inoti na mshairi kwa pamoja. Kutokana na hayo nina mapendekezo matatu.

Kwanza, jina likishaandikwa na mwenyewe kwa herufi kubwa na ndogo, lihifadhiwe vile vile lilivyo. Programu isiyoligusa jina ni bora kuliko programu inayolirekebisha kwa werevu, na haigharimu chochote kuiandika. Palipo na orodha za zamani za herufi kubwa tupu, sheria mbili nilizozieleza zitumike, kisha mtu asome matokeo kabla ya kuchapisha.

Pili, idara zetu za Kiswahili ziwafundishe wanafunzi wa tarakilishi, ambao husoma katika vyuo hivi hivi, kwamba ng' ni herufi. Kazi hiyo haihitaji zaidi ya saa moja. Unikodi yenyewe inazo alama tatu zinazofanana machoni, 0027, 2019 na 02BC, na ya tatu huhesabiwa kuwa herufi kamili; lakini vibao vyetu vya kuandikia havina kitufe chake, na hifadhi inayozichanganya alama hizo tatu itamtafuta Ng'ang'a mmoja na kumkosa mwingine. Ni juu yetu kuchagua na kuwa na msimamo, badala ya kungoja uamuzi kutoka California.

Tatu, wahariri wa majarida kama hili wasiikabidhi mashine vichwa vya mashairi wala majina ya washairi. Wayasome moja moja. Mhariri asiyejua kama ritifaa iliyo mbele yake ni ya herufi, ya silabi iliyoanguka, ya mpumuo au ya ain, amuulize mwandishi. Na akiwa ametutoka, amuulize mtu wa kwao.